Feni za Karatasi, Julai, Kongwa

Mzazi mmoja ameniuliza wiki hii kwa nini mwanawe anarudi nyumbani na miba ya mgunga kwenye mfuko wa sweta. Ana haki ya kuuliza. Nilimjibu kwamba ni vifaa vya darasani, naye akanirudishia "mh" moja tu. Mh ya namna hiyo niliwahi kuipata upande wa Kongwa, Dodoma, mwezi kama huu, kwa bibi aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni.

Julai shule zimefunguliwa, mtama umeshavunwa, mabua yamejaa mashambani na mbuzi hawajayamaliza. Watu wa Dar hucheka ukiwaambia Dodoma kuna baridi. Wakasimame Kongwa saa moja na nusu asubuhi, kwenye ule upepo, na sweta lililotoboka kiwiko, halafu tuongee. Darasa langu la awali lilikuwa na watoto zaidi ya 80, ilhali mwongozo unataka 25 kwa mwalimu mmoja, na madirisha yalikuwa matundu tu. Mtoto wa miaka mitano ambaye vidole vimekufa ganzi hashiki penseli, sembuse mkasi. Ukianza na kazi ya vidole saa mbili kamili, utavuna karatasi zilizochanika na vilio. Kwa hiyo ni mwili kwanza: kuruka kichura, kukimbizana, kisha uji, kisha wote kwenye ukuta wa kaskazini. Mwezi huo jua letu linapita upande wa kaskazini na upepo unatoka kusini mashariki, hivyo ukuta huo unapata joto na kukingwa kwa pamoja. Vidole vikilegea, ndipo mikasi itoke.

Feni ya karatasi kila mtu anaijua kwa macho. Kuifanya izunguke ndiyo kazi. Karatasi ya ndani ya daftari ni nyepesi mno, upepo unaichana penye tundu. Manila ni nzito. Iliyofaa ni majalada ya madaftari yaliyokwisha. Unakata mraba, shibiri moja ya mtoto kila upande, yaani sentimita 12 au 13. Unakunja kona kwa kona, unakunjua, unakunja kona mbili zilizobaki. Mikunjo inapokutana weka kizibo cha soda, kizungushie penseli. Mkasi unafuata mkunjo kutoka kila kona na kuishia kwenye ule mduara. Hata awe msikivu kiasi gani, mtoto wa umri huu ukimwambia "usikate mpaka mwisho" hajui mwisho ni wapi, mstari anauona. Akiupita, anabaki na vipande vinne mkononi.

Sasa kuna ncha nane. Moja inakuja katikati, inayofuata inabaki, moja inakuja, inayofuata inabaki. Hesabu yenyewe iko hapa, na wengi hukwama hapahapa: anayekunja zote nane anapata ua zuri lisilozunguka, maana upepo hauna pa kushika. Wakisema kwa sauti "njoo, baki, njoo, baki" huku wanakunja, makosa hupungua sana.

Mhimili ni mwiba wa mgunga, ule mrefu mweupe, mkavu, mbichi unapinda. Kitako chake kinene kinazuia karatasi isichomoke mbele. Kutoboa ni kazi ya mwalimu. Unauzungusha mwiba mpaka tundu lilegee, unavisha nyuma kipande cha mrija wa peni cha sentimita moja ili feni isijisugue kwenye bua, kisha unauchoma kwenye bua la mtama katikati ya pingili. Kwenye kifundo hauingii, unavunjika. Ncha ikitokeza upande wa pili, ikate au uifunike kwa kipande cha moyo wa bua. Usiliache hilo, kwa sababu watoto hukimbia na feni. Na miba huhesabiwa kabla na baada. Inatakiwa ihesabiwe.

Zilipokamilika, pale ukutani hakuna iliyozunguka.

Kulikuwa na binti wa sweta la njano lililomzidi mpaka vidole vilikuwa havionekani. Nyumbani kwao wanaongea Kigogo, na tangu Januari darasani alikuwa haongei zaidi ya kuitikia jina. Akaipuliza feni yake. Ikageuka robo, ikasimama. Akatazama nyuma yake, akaukagua mwiba. Kisha akaanza kutembea kando ya ukuta, mkono mmoja unagusa tofali, bua amelinyoosha mbele, mpaka kona ya mashariki. Bua likaipita kona kabla yake, feni ikalia trrrr. Akarudi hatua moja, ikanyamaza. Akatoa mkono peke yake, mwili ukabaki ukutani: trrrr. Akaurudisha. Akatoa tena. Alirudia hivyo muda mrefu bila kucheka, kama fundi umeme anayejaribu swichi.

"Upepo unakaa pale," akasema.

Wenzake wakajazana konani. Yeye hakwenda. Akageuka, akakimbia upande wa pili, kandokando ya ukuta uleule usiofikiwa na upepo, bua juu, na feni ikazunguka. Akasimama ghafla, nayo ikalegea, ikasimama. Akaangalia kona, akaangalia feni, akaangalia kona. Alichokisema punde kilikuwa kimekataa mbele ya macho yake, na kilimkera waziwazi. Nikamuuliza tu, "Na huku?"

Akafikiri. "Huku nimeuleta."

Bibi wa kuni alikuwa ameshasimama njiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo hawasomi?"

"Wanasoma, bibi."

"Mh." Akaendelea na safari yake.

Simlaumu. Sera ya elimu ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, na mzazi aliyeambiwa amlete mtoto shule anategemea aone daftari lenye vema nyekundu. Feni huwezi kuiwekea vema. Kwenye fomu ya maendeleo, pale pa kuchunguza mazingira, yule binti nilimpa alama ya juu. Kwenye kuandika alibaki nyuma mpaka shule zinafungwa Desemba.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliyempokea alinifuata mwaka uliofuata. Anauliza maswali kutwa, akasema, na "a" bado inamshinda. Nikamsimulia habari ya kona na upepo. Alisikiliza mpaka mwisho, huyo mama ni mtu wa subira.

"Sawa, umemwona mmoja," akasema. "Na wale 80 walijifunza nini?"

"Njoo, baki."

"Wote?"

"Wengi."

"Wangapi?"

Kengele ilikuwa bado.