Paipu ya kiti: usiamini ile ya zamani, pima bomba la fremu

Paipu ya kiti ya baiskeli yangu haikuwa ikishika. Hata niikaze vipi, nikitoka Likoni mpaka Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nakuta imezama sentimita mbili. Ukienda kwa fundi, la kwanza utaambiwa, "Leta ile ya kale tufananishe." Wengi hupotelea hapo. Ile ya kale huenda ndiyo kosa lenyewe, hasa kwa baiskeli ya mtumba iliyopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kushushwa bandarini.

Vipimo vya kipenyo cha paipu hizi hupanda kwa milimita 0.2: 26.4, 26.6, 26.8, 27.0, 27.2. Inayopatikana zaidi ni 27.2, na fremu nene za alumini mara nyingi huchukua 30.9 au 31.6. Rula itakuambia "27" tu, na 27 hiyo yaweza kuwa 26.8, 27.0 au 27.2. Kuzungushia uzi hakusaidii sana: tofauti ya saizi moja kwenye mzunguko ni kama milimita 0.6, na unene wa uzi wenyewe unatosha kukupoteza. Tafuta kalipa, kile kipimo chenye midomo ya kubana kitu na kusoma kipenyo chake. Ifute midomo, ifunge, uhakikishe inasoma sifuri.

Yangu ilikuwa imegongwa namba 26.8 karibu na mstari wa kikomo, ile alama ya mwisho wa kuivuta juu. Nilipima sehemu safi, si pale palipokwaruzwa na kibano (pete ya juu ya fremu inayobana paipu), kisha nikazungusha robo duara nikapima tena, maana paipu iliyobanwa miaka mingi huwa bapa kidogo. Nikapata 26.8 pande zote mbili. Kwa hivyo paipu haikuwa bapa. Dalili kwamba ni nyembamba kuliko bomba la fremu ilikuwa kwenye kibano: masikio yake, yanayopitiwa na boliti, yalikuwa yamegusana, na mkato wa nyuma ya bomba umebanana juu kama herufi V iliyogeuzwa. Paipu ikiwa ya saizi sahihi, mkato hubaki na kingo sambamba hata baada ya kukaza. Masikio yakigusana, boliti inabana masikio yenyewe, haibani paipu tena.

Kupima ndani ya bomba kunataka subira. Kwanza nilitoa kutu kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kwa sababu kutu hupunguza kipimo. Midomo ya ndani ya kalipa ni mifupi, inafika pale pale palipobanwa, na kweli ilisoma 26.9 upande mmoja na 26.6 upande mwingine. Namba hizo hazifai kununulia kitu.

Kilichonipa jibu ni kopo la soda. Bati lake la ubavuni lina unene wa karibu milimita 0.1 (lipime kwa kalipa), hivyo tabaka moja likizunguka paipu linaongeza kipenyo kwa 0.2. Nilipanua mkato taratibu kwa bisibisi pana. Fanya hivi kwa fremu ya chuma tu. Alumini hupasuka, na kaboni usiiguse kabisa. Kisha nikavisha paipu tabaka moja, kingo zikutane bila kupandana, nikaisukuma mpaka ikapita chini ya mkato: ikacheza. Tabaka mbili: ikaingia kwa mkono, haichezi. 26.8 na 0.4 ni 27.2.

Dukani niliomba nijaribu 27.0 na 27.2. Sahihi ni ile kubwa kuliko zote inayoingia kwa mkono bila kugongwa. Usikubali kubaki na vipande vya kopo kama dawa ya kudumu, vinahama na kukatika. Urefu nilichagua milimita 350, mstari wa kikomo ufichike ndani ya fremu.

Huku kwetu pwani grisi ni lazima. Alumini ndani ya chuma, pamoja na unyevu wa chumvi, hushikana mpaka paipu haitoki tena. Mimi huitoa kila miezi mitatu, nafuta, napaka grisi upya, kisha nazungushia utepe mahali inapoishia kwenye fremu ili nikiangalia nijue kama imeshuka.