Katiba ya Nusu Mwaka: Matembezi Yangu Berlin

Nimekulia Unguja, si mbali na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kwa hiyo nilipojaaliwa kufika Berlin, sikuanza na mabaki ya Ukuta kama wafanyavyo wageni wengi, bali nilikwenda kutafuta nyayo za katiba ambayo hata mwenyeji wangu hakuikumbuka: katiba ya muda ya Berlin Mashariki ya Julai 1990.

Nilishuka Alexanderplatz asubuhi ya baridi kali, nikatembea hadi Rotes Rathaus, jumba la matofali mekundu la serikali ya jiji. Uchaguzi wa tarehe 6 Mei 1990 ulimpa Tino Schwierzina umeya wa mashariki, wakati Walter Momper akiongoza magharibi. Tangu Juni serikali hizo mbili, Magistrat ya mashariki na Senat ya magharibi, zilikutana pamoja, na wenyeji, kwa mzaha wao, wakaziita "Magi-Senat".

Nilisimama mbele ya jumba hilo nikijiuliza kwa nini wawakilishi wa mashariki, waliojua fika kwamba nchi mbili zinakaribia kuwa moja, walijitaabisha kuandika katiba nzima kwa ajili ya nusu ya jiji. Kwa sehemu kubwa waliifuata ile ya magharibi ya 1950, na kwa hiyo ingekuwa rahisi kungoja tu. Jibu nililoridhika nalo limo katika masharti ya mwisho, ambayo pande zote mbili ziliyakubali: kwamba katiba ya jiji zima ipitiwe upya na bunge la kwanza la pamoja, kwamba msingi wake uwe maandiko yote mawili, la 1950 na la 1990, na kwamba wananchi waipigie kura. Asiye na andiko angeingia mezani kama mgeni mwalikwa, lakini mwenye andiko, hata likiwa la muda, aliingia kama mshirika. Sisi wa Muungano wa 1964, ambao katiba yetu ya muda ya 1965 ilidumu miaka 12, hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo.

Nyuma ya jumba, mwendo wa dakika chache, liko kanisa la Nikolaikirche, ambalo sasa ni makumbusho. Humo ndimo bunge la Berlin yote lilipokutana kwa mara ya kwanza tarehe 11 Januari 1991, na siku hiyohiyo katiba ya 1950 ikaenezwa jiji zima. Ile ya mashariki ikakoma baada ya takriban miezi 6. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwani palikuwa na joto, na mlinzi hakunisumbua.

Kisha nilipanda treni ya chini ya ardhi, U2, ambayo nayo Ukuta uliikata vipande viwili na haikuunganishwa tena hadi 1993, nikabadilisha Nollendorfplatz kuelekea Rathaus Schöneberg, lilikokaa bunge la magharibi. Katiba ya 1950 ililipa bunge hilo viti 200, lakini ni 127 tu vilivyojazwa katika uchaguzi wa mwaka huo. Vilivyobaki viliachwa kwa ajili ya watu wa mashariki, ambao hawakuweza kupiga kura. Miaka 40 nafasi zile ziliwangoja wenyewe.

Nilifika saa sita mchana kamili, kengele ya mnarani ikilia. Kijana aliyekuwa akiuza kahawa hapo nje aliniambia kwamba alizaliwa 1995, mwaka uleule ambao wananchi waliipitisha kwa kura katiba iliyopitiwa upya. Nilipomuuliza kama aliwahi kusikia habari za ile ya 1990, alicheka, akaniuliza ni sukari vijiko vingapi.