Siku moja maishani mwangu: Git, mtori na tovuti ya wapanda mlima

Saa 12 asubuhi. Nafungua dirisha hapa Rau, Moshi, kilele cha Kibo kiko wazi. Baadaye kitajifunika mawingu, kwa hiyo nakitazama kwanza, kompyuta itasubiri. Leo kazi kubwa ni moja: tovuti ya mama anayepeleka wageni mlimani kwa njia ya Machame. WordPress yake, programu inayoendesha tovuti, imebaki nyuma, na msimu wa Juni unakaribia.

Saa 2. Nipo ofisini karibu na mnara wa saa, chumba ninachochangia kodi na fundi simu. Naingia kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Tovuti hii niliisakinisha kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kutoka hazina ya WordPress iliyoko kwenye mtandao wa GitHub. Zamani nilipandisha maelfu ya faili kwa FTP, njia ya kutuma faili kutoka kompyuta yangu hadi seva. Umeme ukikatika katikati, tovuti inabaki nusu mpya, nusu kuukuu, na bando limekwisha. Sasa seva inajivutia yenyewe. Mimi natuma amri tu, bando la buku linatosha.

Saa 3. Nachukua nakala ya hifadhidata, ghala la maandishi na mipangilio ya tovuti, kwa amri ya mysqldump, kisha git status, amri inayoonyesha faili zilizobadilika. Kumbe faili general-template.php ndani ya wp-includes imebadilishwa! Si mimi. Kuna fundi alichomeka humo kitufe cha WhatsApp, ndani ya WordPress yenyewe. Enzi za FTP ningekifuta bila hata kujua. Nakitoa, nakitengenezea plagini ndogo (programu ya kuongezea WordPress), naiwasha, na faili ile nairudisha ilivyokuwa.

Saa 4. git fetch --tags kuvuta matoleo, kisha git checkout kuhamia toleo jipya. wp-config.php na picha haziguswi, Git haizifuatilii. Nafungua upgrade.php, ukurasa wa WordPress wa kazi hiyo, hifadhidata inasasishwa. Ukurasa wa mbele: hitilafu. Plagini ya fomu za safari imegoma.

Simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni wangu wa Ujerumani anasema tovuti haifunguki."

"Nipe dakika kumi, mama."

Narudi kwenye tagi ya zamani, yaani alama ya toleo la awali, faili zote zinarudi kwa sekunde chache. Lakini hifadhidata imeshabadilishwa, na Git haina habari na MySQL, programu inayotunza hifadhidata hiyo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nakagua kama kuna ombi la safari lililoingia tangu saa 3, hakuna, basi narudisha ile nakala. Tovuti inafunguka.

Saa 7. Mtori, Mbuyuni. Simu nimeizima sauti.

Saa 8. Najaribu plagini mpya ya fomu kwenye nakala ya tovuti iliyo kwenye laptop yangu. (Ndiyo, ningeanza hivyo asubuhi.) Inakubali. Narudia kazi kwenye seva, safari hii kimya kimya.

Saa 10. Nahakikisha folda ya .git, ambamo Git hutunza historia yake, haisomeki kutoka nje. Halafu naweka kikumbusho kwenye simu: WordPress ikiiona folda hiyo huacha kujisasisha yenyewe, hata matoleo madogo ya usalama. Mzigo huo ni wangu.

Saa 11 jioni. Ujumbe wa mama: "Mgeni kaweka nafasi, watu wanne. Ila mwanangu, kitufe cha WhatsApp kimeenda wapi?"

Nacheka peke yangu. Orodha ya plagini zilizowashwa hukaa kwenye hifadhidata, na nakala niliyoirudisha ilichukuliwa kabla sijaiwasha plagini yangu. Nafungua tena laptop.