Siku Moja Battambang: Familia Yetu na Lugha ya Kikhmer

Saa kumi na moja alfajiri mimi na mume wangu huamka na kuomba kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo ulimi wetu haufanyi kazi ya ugenini. Kanisa letu la Tanzania lilitutuma Battambang, mji wa Kambodia, kwa makubaliano kwamba miaka miwili ya mwanzo tusihubiri wala kuanzisha mradi wowote, bali tujifunze Kikhmer, lugha ya nchi hiyo, na kuwajua watu. Wapo waliouliza kama huo si muda mwingi mno, nami huwajibu kwamba pengine hautatosha.

Saa kumi na mbili na nusu ninakwenda sokoni na binti yetu. Njiani tunawapisha watawa wa Kibudha wanaopita bila viatu wakipokea sadaka ya wali, na binti yetu tayari anajua kwamba mwanamke hamgusi mtawa. Sokoni yeye ndiye anayehesabu bei. Kikhmer hujenga sita kwa tano na moja, saba kwa tano na mbili, hadi tisa, naye hutaja maelfu ya rieli, sarafu ya hapa, haraka kuliko mimi. Tunanunua samaki, mboga za majani na prahok, samaki waliovundikwa kwa chumvi, ambao bila wao mapishi mengi ya hapa hayakamiliki.

Saa mbili kamili watoto wako shuleni na mwalimu wetu amefika. Tunamwita neak kru, yaani mwalimu wa kike, na kumwamkia kwa sampeah, viganja vikiwa vimeunganishwa mbele ya uso. Kwa rika lako viganja hukaa kifuani, kwa mzazi au mwalimu hupanda hadi puani, na kwa mtawa hufika kwenye nyusi. Kisha tunafungua daftari. Maandishi ya Kikhmer yana konsonanti 33 zilizogawanyika katika makundi mawili, na alama ileile ya irabu husomwa tofauti kulingana na kundi la konsonanti iliyoibeba. Alama inayosomwa “aa” kwenye kundi la kwanza hugeuka kuwa karibu na “ie” kwenye la pili. Konsonanti mbili zikifuatana, ya pili huandikwa chini ya mwenzake, na maneno hayatenganishwi kwa nafasi, hivyo msomaji hana budi kulijua neno ndipo aone linapoishia. Kwa sisi tuliozoea maandishi yanayosomwa kama yalivyoandikwa, ukurasa mmoja humaliza asubuhi.

Saa tano watoto wanarudi, tunakula wali, na mji wote unapumzika kwa sababu ya joto.

Saa tisa alasiri ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Ninakwenda kuketi chini ya nyumba ya jirani yetu mzee, nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, penye kivuli na machela. Ninamwita yeay, yaani bibi. Kwa Kikhmer huwezi kuanza mazungumzo kabla ya kujua nani mkubwa na nani mdogo, kwa hiyo wageni huulizwa umri mapema, na anayekuzidi unamwita bong, yaani kaka au dada mkubwa, hata kama mmekutana leo. Mtu aliyelelewa na shikamoo haoni shida hapo. Ninachojifunza zaidi kwa yeay ni kunyamaza. Vijana wa kizazi chake waliishi chini ya Khmer Rouge, utawala wa kikomunisti ulioshika nchi kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979, wakati miji ilipohamishwa kwa nguvu na watu takriban milioni 1.7 walipokufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na mauaji. Simuulizi. Siku anayotaka kusema husema, nami husikiliza, hata pale ninapoelewa nusu tu.

Leo tunakunja num ansom, keki za wali mnato ndani ya majani ya mgomba, kwa ajili ya Pchum Ben, siku kumi na tano ambazo familia hupeleka chakula pagodani, yaani kwenye hekalu la Kibudha, kwa ajili ya wazee waliokufa. Kwa Mkristo wa Kikhmer hili ni jambo zito, kwani asiyetoa sadaka hiyo anaweza kuonekana amewaacha wazazi wake na njaa. Sisi hatutoi sadaka kwa marehemu, lakini ninapika pamoja na yeay na kula naye, kwa sababu naamini imani isiyojua kuwaheshimu wazee wa watu haitasikilizwa hapa.

Saa kumi na mbili jioni mzee mmoja wa kanisa anakuja kutusaidia lugha ya maombi, ambayo ni somo la pekee. Kikhmer kina msamiati wa kifalme, na Biblia humzungumzia Yesu kwa maneno hayo: mtu wa kawaida anapokula husema nyam, mtawa chhan, lakini Yesu husemwa saoy, naye anapokwenda mahali husemwa yeang, kama mfalme. Biblia nzima ya Kikhmer ilitoka mwaka 1954, baada ya miongo ya kazi iliyoanza wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walipofika mwaka 1923, na ninapoona ugumu wa msamiati huu naelewa kwa nini ilichukua muda huo. Mkulima mmoja kanisani alimwambia mume wangu kwamba hakuwahi kudhani angeruhusiwa kuzungumza na mfalme kila asubuhi.

Saa tatu usiku watoto wamelala. Mume wangu anarudia kwa sauti ya chini sala fupi ya shukrani ambayo wazee wamemwomba aiongoze Jumapili, nami ninaandika ripoti kwa kanisa lililotutuma. Haina idadi ya waliobatizwa. Ina habari za yeay, za konsonanti, na ombi kwamba wasitupunguzie miaka ya kujifunza.