Una Chombo?

Basi la kutoka Mombasa lilitushusha Mokowe alasiri, tukavuka kwa boti, na tulipokanyaga gati la Lamu mwenzangu alikuwa na neno moja tu mdomoni: ugali. Tulikuwa tumetumwa kufunga taa za sola katika shule moja, mimi kutoka Voi na yeye kutoka Kibwezi, na tangu tupite Garsen alikuwa akilalamikia njaa bila kupumzika.

Pale gatini menyu hukufikia kabla hujashusha begi. Vijana walitupokea nazo: kambamti, kaa, pweza, juisi za kila rangi. Mikahawa ile ya ukingo wa bahari si mibaya, nimekula huko siku nyingine nikashiba. Lakini bei zake zimeandikwa kwa kumtazama mgeni wa ng'ambo, na samaki huanza kuparwa magamba baada ya wewe kuagiza. Mwenzangu, baada ya kuambiwa ugali hakuna, akaketi kungojea chipsi. Mimi nikaingia mjini.

Kwetu Voi hoteli hujitangaza. Kuna ubao, kuna redio, kuna mtu wa kukuita mlangoni. Usita wa Mui, njia kuu inayopita nyuma ya nyumba za pwani kutoka Mkomani hadi Langoni, una maduka ya vitambaa, ya dhahabu, ya dawa na ya ndoo za plastiki, na hoteli chache ambazo saa hiyo zilikuwa zimekwisha kufagiwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Biriani imeisha, niliambiwa kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili sikuambiwa kitu, mwenyewe alikuwa amelala. Nikageuka kurudi, punda mwenye shehena ya mawe akanibana ukutani. Katika vichochoro vile mmoja wenu lazima apande daka la watu, yaani kibaraza cha mlangoni, na punda hapandi.

Nikatokea kwenye uwanja wa mbele ya ngome, ile iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 na kufanywa jela hadi 1984. Siku hizi ni makumbusho, na kivuli cha pale mbele ni cha wazee. Walikuwepo kadhaa, na katikati yao muuza kahawa na dele lake la shaba. Nikatoa salamu, nikanunua kikombe, nikaacha kahawa ishuke kidogo ndipo nikauliza: wapi nitapata wali mzuri, ule wanaokula wenyeji?

"Wali saa hizi?" mmoja akashangaa. "Wali ni wa mtana, mwanangu."

Hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba mji ule hupangwa kwa saa. Asubuhi ni mahamri, mbaazi za nazi na chila. Adhuhuri wali. Alasiri ni viazi karai na bajia, na ukichelewa umekosa, kwa kuwa anayeuza hukaa barazani kwake mpaka sinia iishe kisha huingia ndani na kufunga mlango, na ukipita tena hutajua kama paliuzwa kitu. Kuanzia magharibi ni mishikaki na mikate ya mofa. Swali langu la mahali halikuwa na jibu. Walitaka kwanza kujua nitakula saa ngapi.

Tulipokubaliana kwamba nitakula magharibi, ugomvi ukazuka. Mzee mmoja alitaka nipelekwe Mkomani. Mwingine, wa Langoni, akasema Mkomani wana milango mizuri ya nakshi lakini chumvi hawana. Wa kwanza akamkumbusha harusi fulani ya Langoni ambako pilau ilikuja na mchanga. Harusi yenyewe, nilivyoelewa, ilikuwa ya miaka ya Kenyatta wa kwanza. Mitaa hii miwili imetambiana kwa vizazi, kwa mashairi na kwa ngoma, na sasa nilikuwa nimewapa sababu mpya. Muuza kahawa ndiye aliyeamua. Alimwita mjukuu wake, kijana wa miaka kumi hivi: "Mpeleke kwa bibiyo wa mofa. Langoni." Mzee wa Mkomani akasonya.

Adhana ya magharibi ikatoka, wazee wakainuka, tukangojea swala iishe, kisha kijana akanitangulia. Tulipinda mara nyingi hata nikaacha kukariri njia. Hapakuwa na ubao wala taa ya duka. Ila moshi ulianza kunukia, na harufu ya unga unaoungua kidogo pembeni, tukasimama mbele ya mlango ulioteremshwa pazia.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, bibi. Na mgeni."

Kukawa kimya kidogo, kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mtuzi upo, mofa ziko motoni. Una chombo?"

Nilikuwa na begi lenye bisibisi na waya. Kijana akacheka, akakimbia kwao, akarudi na bakuli la bati lenye maua mekundu na sahani ya kufunikia. Vikaingia chini ya pazia, vikatoka vimejaa. Nililipa shilingi 150.

Nimelifikiria sana swali lile la chombo. Mama yule hana meza, hana kodi ya chumba, hana mtu wa kuosha sahani. Anawapikia majirani, na majirani wana mabakuli yao. Kila shilingi yake imo ndani ya sufuria. Na kwa kuwa walaji wake ni watu atakaokutana nao kesho arusini au matangani, hawezi kuwauzia samaki wa juzi. Hoteli gani yenye menyu ina ukaguzi mkali kama huo?

Samaki alikuwa tewa, minofu minene, katika tui zito lenye ukwaju, bizari na pilipili mbichi nzima inayoelea. Mofa alikuwa akizibandika ubavuni mwa tanuri la udongo, akizing'oa zimeshika rangi, ngumu nje na laini ndani, nzuri kwa kuchovya. Yeye huchanganya mtama na ngano. Tulikula dakani, mimi na kijana, bakuli katikati. Kila apitaye nilimwambia karibu, naye akajibu starehe na kuendelea na safari yake, isipokuwa mzee mmoja aliyekaribia kweli, akamega kipande, akachovya, akasema chumvi iko sawa, akaenda.

Mwenzangu nilimkuta pwani chipsi ndiyo kwanza zimeletwa. Nikampa mofa mbili nilizofungiwa gazetini. Akazila na chipsi akaziacha.

Kijana alikuwa amenionya kwamba mamake analitaka bakuli lile asubuhi, na bakuli la watu halirudi tupu. Kwa hiyo usiku ule nilinunua halua, na kulipokucha nikalipeleka limeoshwa, halua ndani. Mama wa kijana alilipokea kwa mkono mmoja nyuma ya mlango, akashukuru, akaniambia ningoje. Likarudi na mbaazi za nazi, mahamri manne juu yake. Sasa nilikuwa na deni jingine, na kazi ya shule ilikuwa na siku kadhaa mbele yake, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kulilipa.

Mwenzangu alikula mahamri matatu kati ya yale manne. Alipomaliza aliifuta mikono, akauliza hiyo hoteli inaitwaje, jioni aende mwenyewe. Nikamwambia kwanza akanunue bakuli.