Kuchagua Kifaa cha Kwanza cha Kuniongoza Njia Garini

Nilipopata leseni ya nchi niliyohamia na kununua gari dogo lililokwisha kutumika, nilidhani kazi kubwa imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Udereva nilijifunza katika nchi ambako magari hupita kushoto. Huku hupita kulia, na kwa miezi ya mwanzo akili yangu yote ilishughulika na kujikumbusha upande, hata isibaki nafasi ya kusoma vibao vya lugha ambayo bado nilikuwa naisoma silabi kwa silabi. Niliamua kutafuta kifaa cha kuniongoza, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuwauliza watu ni kipi kilicho bora kabla sijajiuliza ni wapi hasa ninapopotea.

Nilipojiuliza, nilitambua kwamba kwenye barabara kuu sipotei kamwe. Napotea katika mita 200 za mwisho kabla ya kukunja, na zaidi ya kwingine kokote katika kipilefti chenye njia tano za kutokea. (Neno lenyewe, lililotoka kwenye Kiingereza "keep left", yaani shika kushoto, hunichekesha hadi leo, kwa kuwa huku kipilefti huingiwa kwa kushika kulia.) Mtu wa namna yangu hasaidiwi na skrini pana wala picha za majengo, ikiwa sauti inamwambia atoke wakati pua ya gari imekwisha kuipita njia ya kutokea.

Mbele yangu palikuwa na njia tatu: mfumo uliojengwa ndani ya gari, kifaa maalumu cha kubandika kiooni, na simu. Ule wa kwanza niliuacha mara moja, maana gari langu lilitengenezwa kabla ya mifumo ya kuunganisha simu na skrini ya gari kutoka, yaani CarPlay mwaka 2014 na Android Auto mwaka uliofuata, na redio yake haikuwa na la kuzungumza na simu.

Nilianza na kifaa maalumu, cha mtumba. Siku ya kwanza nilikaa maegeshoni nikitazama skrini iliyoandika kwamba inatafuta setilaiti, nikaamini kwamba nimeuziwa kibovu. Baadaye nilielewa sababu. Setilaiti za GPS hutuma taarifa zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na kifaa kilichozimwa kwa miezi mingi huenda kikalazimika kupokea upya orodha nzima ya mahali zilipo, kazi inayochukua dakika 12 na nusu. Simu hukwepa subira hiyo kwa kuipata orodha kupitia intaneti. Ubovu wa kweli ulikuwa katika ramani, kwa kuwa aliyeniuzia hakuwa ameisasisha kwa miaka mingi. Nilipoingia barabara mpya ya kuzunguka mji, mshale wa gari langu uliacha lami na kuelea katikati ya shamba, huku sauti ikinisihi nigeuze gari mahali ambapo kugeuza hakuruhusiwi. Anayenunua kifaa cha aina hii akiulizie kwanza tarehe ya ramani na iwapo masasisho yake ni ya bure, kisha ndipo aulizie ukubwa wa skrini. Aulize pia kuhusu kioo cha mbele cha gari lake, kwa sababu vioo vingine vimepakwa utando wa metali unaozuia mawimbi ya setilaiti.

Nikarudi kwenye simu, ambayo wahamiaji wengi huiogopa wakiamini kwamba bila bando haifai kitu. Imani hiyo ina makosa. Setilaiti hizo, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, hutangaza tu na wala hazijui kama upo. Simu husikiliza angalau nne, tatu kwa ajili ya kupata mahali na ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa yake, kisha hupiga hesabu yenyewe. Intaneti huhitajika kwa ramani na kwa habari za foleni. Ukipakua ramani ya eneo lako ukiwa nyumbani, simu itakuongoza hata laini ikiwa tupu, ingawa haitakujulisha kwamba mbele kuna msongamano. Programu kama OsmAnd, inayotumia ramani huria za OpenStreetMap zilizoanzishwa Uingereza mwaka 2004, imejengwa kwa matumizi ya namna hiyo hasa.

Suala la lugha ya sauti lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilichagua Kiingereza, na kifaa kikayasoma majina ya mitaa ya huku kwa matamshi ya Kiingereza, hata mtaa ninaoishi nikashindwa kuutambua. Nilipobadilisha na kuweka lugha ya nchi, majina yalifanana na yale ninayoyasikia kazini, na maneno ya kukunja, kutoka na kunyoosha hayazidi kumi na mawili, hivyo wiki moja ilitosha kuyazoea. Ukivuka mipaka, zima maonyo ya kamera za mwendo: Ujerumani na Uswisi haziruhusu dereva kuyatumia akiwa barabarani.

Kioo cha mbele nacho kilinifunza. Wakati wa kiangazi simu iliyobandikwa pale iliiva kwa jua hadi skrini ikafifia, kwa hiyo nikaihamishia kwenye tundu la hewa karibu na usukani, ambako kiyoyozi huipoza na haikingi macho yangu.

Programu yenyewe niliichagua kwenye njia ya kwenda kazini, ambayo tayari naijua. Asubuhi tatu mfululizo nilijaribu programu tatu, skrini ikiwa imezimwa, nikisikiliza tu kila moja itasema nini kwenye kipilefti kilekile. Ya kwanza ilisema mapema mno, kisha ikanyamaza. Ya pili ilisema nikiwa tayari ndani. Ya tatu ilinitajia safu ya kushika mita 400 kabla, ikanihesabia njia za kutokea nilipokaribia, na ikarudia kwa neno moja nilipoingia. Hiyo ndiyo iliyobaki simuni.