Begi la kupandia Kilimanjaro lipimie njia ya kushuka

Wengi huchagua begi la mgongoni kwa kuangalia watakavyoondoka getini: nguo nyepesi, maji, jaketi la mvua, basi. Kwa hesabu hiyo hata begi la lita 18 linaonekana linatosha. Usiku wa kileleni nalo pia linatosha, kwa sababu unatoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku ukiwa umevaa karibu kila kitu ulicho nacho. Shida huanza saa mbili au saa tatu asubuhi, ukishateremka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kasoko (mita 5,756). Jua limewaka, vumbi linatimka, na unavua tabaka moja baada ya jingine. Koti zito, sweta ya flisi, glavu nene na kofia ya sufu vyote vinatafuta pa kukaa, na begi kubwa uliloachia mpagazi liko kambini. Hapo ndipo utawaona watu wanashuka wamefunga makoti kiunoni, yanaburuzika kwenye changarawe.

Kwa hiyo hesabu ianze na mzigo wa asubuhi hiyo. Maji lita 3. Jaketi na suruali ya mvua, lita 3 hivi. Flisi lita 3. Koti zito likikunjwa vizuri, lita 6 au 7. Glavu na kofia, lita 2. Chakula cha njiani lita 2, na vikorokoro (tochi ya kichwani, mafuta ya jua, dawa, karatasi ya chooni, betri) lita 2 nyingine. Hiyo ni 21 au 22. Ongeza kama robo, maana asubuhi hiyo umechoka na hakuna atakayekunja koti vizuri kama alivyolikunja nyumbani. Unafika lita 28, na kwa vitendo begi la lita 28 hadi 32 ndilo linalofaa. Mwenye kamera kubwa aende 35.

Huamini namba hizi? Chukua ndoo ya lita 20, ile ya kuchotea maji, uishindilie vitu hivyo hivyo. Kitakachobaki nje ya ndoo ndicho kitakachobaki nje ya begi dogo.

Kwa nini usinunue la 45 ukamaliza? Kwa sababu nafasi ikiwepo hujazwa. Mpagazi ana kikomo chake, kilo 20 kwa taratibu za hifadhi, na kampuni nyingi humwambia mgeni asizidishe kilo 15 kwenye begi kubwa. Kinachozidi hurudi mgongoni kwako. Jaribu kutozidi sehemu ya kumi ya uzito wako: mtu wa kilo 60 abebe kilo 6, na kumbuka maji peke yake ni kilo 3. Tena begi kubwa lililojaa nusu huyumba; mzigo hushuka chini na kukuvuta nyuma kila unapoinua mguu. Kama tayari unalo kubwa, angalau liwe na mikanda ya kubana ubavuni.

Lita zikishakaa sawa, pima urefu wa mgongo, jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Inamisha kichwa, papasa kinundu cha mfupa chini ya shingo. Kisha shika nyonga, vidole gumba vielekee mgongoni. Umbali kati ya kinundu na mstari wa vidole hivyo ndio kipimo chako. Mkanda wa kiunoni lazima ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni, mabega ndiyo yatakayobeba kila kitu.

Maji yagawe. Kifuko chenye mrija ni kizuri mchana, lakini usiku wa kileleni, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hasi, mrija huganda. Puliza maji yarudi ndani kila unapomaliza kunywa, na usiutegemee peke yake. Beba chupa ya lita moja yenye mdomo mpana, ivike soksi nene, iweke ndani ya begi kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Mvua ya msituni haizuiwi na kifuniko cha nje pekee. Maji huteremkia mgongoni, mahali kifuniko hakifiki. Panga nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji, lakini si mfuko wa rambo: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Kwa matembezi ya siku moja, kama kupanda mlima Longonot kule Kenya na kuzunguka kasoko yake, lita 18 hadi 20 zinatosha kabisa.

Mitumba ya Memorial pale Moshi ina mabegi mazuri, na mara nyingi namba ya lita imeandikwa ubavuni. Kabla ya kutoa hela, geuza ndani nje: utando wa kuzuia maji ukinata au ukipukutika kama unga, liache. Vuta kila zipu mara tano ukiwa umevaa glavu. Ikikushinda kushika kishikio, funga kamba fupi hapo hapo. Saa kumi usiku vidole havitakuwa na subira hiyo.